Bibi Anaposema Ameibiwa

Kama umekaa na mzee wako sebuleni, usipunguze sauti ya redio. Tunayozungumza leo hayamvunjii heshima mzee yeyote.

Leo tunazungumza kuhusu demensia. Kwa anayelisikia jina hili mara ya kwanza, huu ni ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu, uwezo wa kufikiri na uwezo wa kujihudumia, kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka. Aina yake inayojulikana zaidi ni Alzheimer. Mitaani tunasema "ni uzee tu huo", au "bibi amerudi utotoni". Mimi sikubaliani na kauli zote mbili. Uzee peke yake haumfanyi mtu apotee njia ya kwenda chooni kwake. Wapo wazee wa miaka 90 wanaokumbuka kila mpaka wa shamba na kila mtu wanayemdai. Na mama aliyezaa, akalea, akasomesha, akaozesha, hawi mtoto kwa sababu ubongo wake unaumwa. Ni mtu mzima mgonjwa.

Tena msidhani ni ugonjwa wa nchi za wenzetu. Wilayani Hai, chini ya Mlima Kilimanjaro, watafiti walipita vijijini wakiwapima wazee, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba katika kila watu 100 wenye umri wa miaka 70 na kuendelea, takriban 6 walikuwa nao. Sasa wahesabu wazee wa umri huo unaowafahamu mtaani kwako, halafu uniambie kama hili ni jambo la mbali.

Lakini sitazungumza sana kuhusu kusahau. Kusahau, familia nyingi huvumilia. Bibi akiuliza mara kumi leo ni siku gani, tutamjibu mara kumi, mara ya kumi na moja tutaguna, basi. Kinachovunja nyumba ni mambo mengine. Ni kusingizia watu wizi. Ni kuamka usiku wa manane na kuanza kufunga mizigo. Ni kukataa kuoga, kumtukana mkwe, kumrushia kikombe anayemlisha, kuvua nguo barazani, kutoka nje na kupotea. Hayo ndiyo mnayotuandikia kwenye ujumbe wa simu, na karibu kila ujumbe unaishia na ombi lilelile: "Tupeni jina la dawa ya kumtuliza."

Nitaifikia hiyo dawa. Kwanza naomba mshike jambo moja, na nitalirudia mpaka mnichoke: kabla ya kutafuta dawa, tafuta sababu. Mgonjwa wa demensia hafanyi vituko kwa makusudi ya kutukomoa. Kuna kitu kinamuuma, au kinamtisha, au hakielewi, na ubongo wake hauwezi tena kukisema kwa maneno.

Tuanze na hili la wizi, kwa sababu ndilo linalowaumiza watu zaidi.

Huenda unajiuliza, ugonjwa wa kusahau unahusiana nini na kumsingizia mtu? Sikiliza kisa cha mgonjwa wa kwanza kabisa wa Alzheimer katika vitabu vya tiba. Mwaka 1901, katika hospitali moja ya mji wa Frankfurt, Ujerumani, daktari Alois Alzheimer alimpokea mama wa miaka 51 aliyeitwa Auguste Deter. Je, dalili ya kwanza iliyoonekana kwa mama huyu ilikuwa kusahau? Hapana. Ilikuwa wivu. Alianza kumshuku mumewe. Kusahau kukafuata muda si mrefu, akawa anahamisha vitu na kuvificha, anapotea ndani ya nyumba yake mwenyewe, na wakati mwingine anapiga mayowe akiamini kuna watu wanataka kumuua. Alifariki mwaka 1906, na mwezi Novemba mwaka huohuo daktari akaeleza habari zake mbele ya madaktari wenzake mjini Tübingen. Kwa hiyo mkwe unayetukanwa leo huko Tabora au Tanga, ujue shutuma ni sehemu ya ugonjwa huu tangu siku ulipoandikwa. Hazikuanzia kwako, wala si kwamba mama mkwe alikuwa anakuchukia moyoni siku zote na sasa ndiyo anayatoa.

Inakuwaje? Chukua mfano. Bibi ana noti zake mbili. Anahisi, kwa mbali, kwamba vitu siku hizi vinamponyoka, hivyo anaogopa. Anazificha. Anazifunga kwenye pindo la kanga, kanga anaikunja, anaisukuma chini ya godoro. Baada ya saa moja ubongo umefuta kitendo chote cha kuficha. Sasa anatafuta pesa, hazipo. Ubongo unaoumwa haukubali kukaa na swali lisilo na jibu, unatengeneza jibu. Pesa hazipo, basi zimechukuliwa. Na nani? Na yule anayeingia chumbani kila siku. Ndiyo maana anayesingiziwa karibu siku zote ni anayemhudumia, mkwe, binti, au dada wa kazi. Mtoto aliyeko Dodoma anayepiga simu mara moja kwa mwezi hasingiziwi hata siku moja. Huyo anasifiwa.

Ufanye nini basi? Usibishane. Najua ni vigumu, damu inachemka, umeamka alfajiri kumchemshia uji na sasa unaitwa mwizi mbele ya wageni. Lakini ubishi unataka watu wawili wenye kumbukumbu, na hapo kuna mmoja tu. Ukimwambia "umeficha mwenyewe", kwake yeye ni mwizi anayemdhihaki. Mwambie: "Pole mama, hilo ni jambo baya, ngoja tuzitafute pamoja." Kisha mzitafute kweli. Pesa zikionekana, furahi naye. Usimwonyeshe kwamba ulisema kweli, hatakumbuka kisa ila atabaki na uchungu wa kuaibishwa. Wataalamu wameliona hilo, kwamba habari inafutika, lakini hisia iliyoletwa na habari hiyo hukaa muda mrefu zaidi. Anaweza kusahau kwamba ulimfokea asubuhi, na bado akakuogopa mpaka jioni.

Jifunze pia mahali anapopendelea kuficha. Kila mzee ana pake, ndani ya debe la mchele, chini ya godoro, ndani ya sufuria isiyotumika, kwenye foronya. Mpe pochi yake mwenyewe yenye noti ndogo ndogo na sarafu, na kifungu cha funguo kuukuu ambazo hazifungui kitu. Pesa kubwa, kadi ya benki, hati ya kiwanja, vikae kwa mtu ambaye familia nzima imemkubali.

Na hapa naomba tusimame kidogo. Kuna wakati bibi anasema ameibiwa, na ni kweli ameibiwa. Mzee anayepokea pensheni na hawezi kuhesabu ni windo rahisi, na wanaomwinda mara nyingine ni wajukuu zake. Kwa hiyo msikilizeni kwanza, mhakikishe, kabla ya kusema "ni ugonjwa tu". Na upande wa pili wa jambo hilo, dada wa kazi wamefukuzwa bila mshahara, wengine wamepelekwa polisi, kwa neno la mgonjwa. Kama kuna demensia ndani ya nyumba, iteni kikao cha familia, mkubaliane kwamba hakuna mtu atakayehukumiwa kwa shutuma ya mgonjwa bila ushahidi. Mwambieni na dada mwenyewe siku anayoanza kazi, ili shutuma ikija asifungashe virago.

Nimelikawilia sana hilo. Twende kwenye jambo la pili, nalo ni la dharura, kwa hiyo tegeni sikio.

Demensia inakwenda polepole. Inapimwa kwa miezi na miaka. Kwa hiyo mzee aliyekuwa ametulia akibadilika ghafla, kwa siku moja au mbili, leo anaona wadudu ukutani, anaongea ovyo, au amelala mchana kutwa hataki kuamka, usiseme "ugonjwa umepanda". Kuna kitu kingine kimeingia. Inaweza kuwa malaria. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, hii mnayoiita UTI. Inaweza kuwa homa ya mapafu, sukari iliyoshuka, upungufu wa maji mwilini kwa sababu hakuna aliyemkumbusha kunywa, au dawa mpya aliyoanza wiki hii. Na mzee anaweza kuwa na maambukizi makali bila joto la mwili kupanda, kwa hiyo usimguse paji la uso ukaridhika. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na neno la kumwambia daktari ni hili: "Amebadilika ghafla, jana hakuwa hivi."

Hata mabadiliko yasiyo ya ghafla, tafuta maumivu. Choo kigumu cha siku nne kinaweza kumfanya mzee mpole apige watu. Jino bovu linaweza kumfanya ateme chakula, nasi tukasema anadeka. Goti linalouma ndilo linalomfanya akupige kofi unapomwinua. Yeye hasemi "goti". Anapiga. Miwani imepotea wiki ya tatu, masikio yamejaa nta, halafu tunashangaa kwa nini anawaogopa watu wanaoingia chumbani. Nani asingeogopa?

Nawakumbusha: kabla ya kutafuta dawa, tafuta sababu.

Sasa tuje jioni. Wengi mmetuandikia: "Mchana baba yuko sawa, ikifika magharibi anabadilika." Anahangaika, anatembea huku na huku, anashika mlango, anasema anataka kwenda kwao. Unamwambia, "Baba, hapa ndipo kwako, umejenga mwenyewe mwaka 1982." Anakutazama kama mtu aliyetekwa.

Kwa nini magharibi? Saa ya ndani ya mwili, ile inayotuambia huu ni mchana na huu ni usiku, imeharibika pamoja na ubongo. Ongeza uchovu wa kutwa nzima. Ongeza vivuli vinavyorefuka ukutani, na taa moja hafifu. Ongeza watoto waliorudi shule, televisheni inayopiga kelele, vyombo vinavyogongana jikoni, na njaa, maana chakula bado. Ubongo mzima unaichuja vurugu hiyo. Wake hauwezi.

Kwa hiyo usisubiri giza. Washa taa kabla jua halijazama, na taa ya chaji ikae karibu, kwa sababu umeme wetu tunaujua. Mpe chakula mapema. Zima televisheni au ipunguze. Chai kali ya rangi ya saa moja usiku, hiyo mnayosema inampasha moto, inamnyima usingizi, mpe asubuhi. Kama anatumia dawa za presha zile za kukojosha, muulize daktari kama anaweza kuzinywa asubuhi, asiamke mara nne usiku kutafuta choo. Kioo kikubwa chumbani, kama anamwona humo mtu asiyemjua, kifunike. Mkeka mweusi mlangoni, kama anasita kuukanyaga kila mara, uondoe, huenda anauona kama shimo. Haya ni mambo madogo na hayana gharama. Ndiyo maana hatuyapi uzito. Tunapenda tiba inayouzwa.

Na mchana je? Mchana uliokaa mtupu hulipwa usiku. Mzee aliyesinzia kwenye kiti kuanzia saa nne asubuhi mpaka saa kumi jioni, alale saa ngapi tena? Mtoe nje apate jua. Mpe kazi. Achambue mchele, akunje nguo, amenye vitunguu, na kama ni mama wa pwani mpe ukili asuke. Akiharibu, usimwonyeshe, wewe rudia baadaye akiwa hayupo. Kulekule Hai watafiti walijaribu kuwakusanya wazee wenye demensia kwenye vikundi vidogo, mara mbili kwa wiki, kwa vipindi 14, wakazungumza, wakaimba, wakacheza michezo, bila kutegemea kusoma na kuandika kwa sababu wengi hawakusoma. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha nafuu katika kufikiri, na pia vituko vyao na wasiwasi vikapungua. Hakuna kidonge kilichotolewa pale. Parokia na misikiti yetu ina kumbi zinazokaa tupu siku za wiki. Mimi hapo naacha.

Turudi kwa baba anayetaka kwenda kwao. "Kwao" anakokusema ni wapi? Huenda ni Lushoto ya mwaka 1950, mama yake akiwa jikoni. Ukimwambia, "Baba, bibi alishafariki zamani," umempa msiba mpya. Atalia kama ndiyo anasikia leo, kwa sababu kwake ni leo. Baada ya nusu saa atasahau na kuuliza tena. Utamfisha mama yake mara ngapi kwa usiku mmoja?

Sema hivi: "Niambie baba, bibi alikuwa anapika nini?" Mwache asimulie. Mshike mkono, mtembee uani mara mbili, mrudi ndani, mwambie chakula kiko tayari. Mara nyingi mtu huyu hatafuti nyumba, anatafuta usalama. Wapo watakaosema hivyo ni kumdanganya mzazi, na ni dhambi. Naheshimu dhamira yao. Lakini kumuuliza habari za mama yake si uongo, na kumtoa machozi kila jioni kwa jina la ukweli sioni thawabu yake iko wapi.

Dini yenyewe, nikiwa nimeigusa, inasaidia kuliko tunavyodhani. Mtu aliyesahau jina la mwanawe anaweza kusoma Alfatiha yote, au kuimba wimbo wa kanisani beti zote, kwa sababu mambo yaliyokaririwa utotoni hukaa mbali kabisa ubongoni, ugonjwa hufika huko mwishoni. Anapoanza kuhangaika, anza wewe, atafuata. Akiwa ameswali na sasa anataka kuswali tena, mwache aswali, kwani kuna hasara gani? Ila kwenye kufunga, hasa mwenye kisukari, mzungumze na daktari na imamu mapema kabla ya mwezi kuandama, msingoje mpaka aanguke.

Sasa kupotea. Hili nalitaja kwa uzito wa pekee. Mgonjwa akitoka nyumbani asijue njia ya kurudi, kwetu sisi hatari si gari na mto peke yake. Fikiria bibi mwenye umri mkubwa amekutwa saa tisa usiku kwenye ua wa jirani, kanga imemdondoka, anaongea peke yake, hawezi kueleza alikotoka. Watu wakiamka watasema nini? Mnajua watakachosema. Huko Shinyanga, Simiyu, Mwanza, na kwa ndugu zetu wa Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, wengine kwa macho mekundu tu, yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Kwa hiyo kumficha mgonjwa ndani kwa aibu ni kumweka hatarini. Waambie majirani. Mwambie balozi wa nyumba kumi, mwenye duka, na vijana wa bodaboda pale kijiweni, maana hao ndio macho ya mtaa. Waambie: "Mama yetu ana ugonjwa wa ubongo, mkimwona peke yake mleteni au tupigieni." Shona namba ya simu kwenye nguo zake. Weka komeo juu ya mlango, mahali asipozoea kutazama. Lakini usimfungie ndani peke yake ukaenda sokoni, moto hauombi ruhusa. Na kumfunga kamba, wasikilizaji wangu, hapana. Aliyefungwa hupigana na kamba mpaka anajiumiza, na hofu yake inaongezeka.

Kuoga nalipita haraka. Akikataa, jiulize ni nani anayemwogesha. Baba kuvuliwa nguo na mkwe wake wa kike, au mama na mwanawe wa kiume, ni aibu ambayo hata ugonjwa haujaifuta. Tafuta mtu anayefaa. Tumia maji ya uvuguvugu, usimmwagie kichwani, mwache ajifunge kanga umsafishe sehemu kwa sehemu chini yake. Akikataa kabisa leo, mpanguse kwa kitambaa, kuoga kutakuwa kesho.

Na sasa ile dawa.

Familia nyingi zinakwenda duka la dawa zikiomba kitu cha kumlaza. Wanapewa diazepamu. Au wanampa dawa ya mafua inayoleta usingizi, klorofeniramini, ambayo wengi mnaijua kwa jina la Piriton. Sikilizeni. Diazepamu kwa mzee hukaa mwilini muda mrefu, humfanya ayumbe, aanguke, avunjike nyonga, na asubuhi azidi kuchanganyikiwa. Dawa za kundi la Piriton, na hata amitriptilini inayotolewa kwa maumivu ya mishipa, hukandamiza kemikali ileile ya ubongo ambayo mgonjwa wa Alzheimer tayari ana upungufu wake. Unamtuliza kwa kumzidishia ugonjwa.

Kuna dawa kali zaidi, za kundi la haloperidoli na risperidoni, zilizotengenezwa kwa magonjwa mengine ya akili. Mwaka 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa onyo kwamba wazee wenye demensia wanaopewa dawa mpya za kundi hili wanakufa zaidi ya wasiopewa, na mwaka 2008 onyo likapanuliwa mpaka kwenye zile za zamani, haloperidoli ikiwemo. Je, nasema zisitumike kabisa? Hapana. Kuna mgonjwa anayejiumiza, anayeshika panga, anayeishi katika hofu isiyokatika usiku na mchana. Daktari anaweza kuamua kwamba hatari ya dawa ni ndogo kuliko hatari ya kukaa bila dawa. Lakini ni daktari, ni dozi ndogo, na ni kwa muda. Muulize: dawa hii ni ya kituko kipi hasa? Tutaitumia mpaka lini? Tunarudi lini uamue kuipunguza? Na kama mzee wako anaona watu au wanyama wasiokuwepo, huku mwili unakakamaa au mikono inatetemeka, mwambie daktari kabla hajaandika, kwa sababu ipo aina ya demensia ambayo haloperidoli inaweza kumkakamaza mgonjwa wake kabisa asiweze hata kumeza. Kama tayari anatumia dawa hizi, usizikatishe ghafla kwa sababu umenisikia redioni. Nenda kaulize.

Kitu kimoja cha kupeleka hospitali, chenye thamani kuliko maelezo ya "anasumbua sana", ni daftari la shule. Andika saa, andika alikuwa anafanya nini kabla, nani alikuwepo, alifanya nini, na ni kitu gani kilimtuliza. Baada ya wiki mbili utaona mwenyewe. Utakuta fujo zote ni za saa moja kabla ya chakula, au ni siku anazooga, au ni pale anapoingia mtu fulani. Daktari mzuri atalisoma daftari hilo kabla ya kushika kalamu.

Muda wangu unakwisha, na bado sijamtaja mtu mmoja. Nani anaandika hilo daftari? Nani anaamka saa tisa usiku? Katika nyumba nyingi ni mwanamke mmoja, binti asiyeolewa, au mkwe, au mke ambaye naye ana miaka sabini na presha yake. Huyu hajalala vizuri tangu mwaka jana. Kuna siku anafoka, kuna siku mkono unamtoka, halafu analia chooni. Mafundisho yote niliyotoa leo hayatekelezwi na mtu asiyelala.

Kwa hiyo nasema na ninyi kaka na dada mnaoishi mbali, mlioko Dar es Salaam, Nairobi, Muscat, London. Mnatuma pesa, Mungu awabariki, pesa zinahitajika. Lakini mnapiga pia simu kutoa maelekezo, "msimfokee mama", "mbona mama amekonda", na hamjawahi kukaa naye usiku mmoja tangu aanze kuumwa. Aliye karibu aje Ijumaa, akae mpaka Jumapili, aliyezoea kumhudumia alale. Aliye mbali alipe mtu wa kupokezana usiku. Msingoje msiba ndipo mpate likizo. Usiku wa leo, baada ya kipindi hiki, mpigie simu dada yako anayemlea mzee. Usimuulize mama anaendeleaje. Mwambie unakuja lini.